Mwalimu Afike, na Akifika Akae: Mwongozo wa Kuchangia Walimu Wapya katika Shule za Pembezoni Kigoma

Kila Januari shule zikifunguliwa, makundi ya WhatsApp ya Wanakigoma waishio Dar es Salaam, Mwanza na ng'ambo hujaa ujumbe unaofanana: shule ya kijijini kwetu ina watoto mamia, walimu wanahesabika, tufanyeje? Moyo wa kutoa upo, na watu hutoa bila kusukumwa. Kinachokosekana ni mpangilio. Fedha huishia kwenye madawati, rangi ya ukuta na jezi, vitu vizuri vyenye faida yake, lakini mtoto wa darasa la pili anaendelea kukaa saa tatu bila mtu mzima mbele yake. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya kikundi, msikiti, kanisa, mfanyabiashara au familia inayotaka mchango wake umfikishe mwalimu darasani na umfanye abaki.

Niseme msimamo wangu mapema, maana hatua zote zinazofuata zinatoka hapo. Katika mkoa wetu kumpata mwalimu ni kazi, ila kumbakiza ni kazi kubwa zaidi. Wahitimu wa ualimu wasio na ajira wapo wengi, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wako dukani. Serikali nayo ikiajiri huwapanga hadi vijiji vya mwisho, na wengi huripoti. Kisha miezi inapita, barua ya uhamisho inaandikwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha yako iende kwenye yale yanayomfanya mwalimu asiandike hiyo barua.

Hatua ya kwanza: jua mlango ulio wazi kwako

Mfadhili haajiri mwalimu wa shule ya serikali. Ajira hutangazwa na Serikali, usaili husimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ndiyo yenye shule hizi kupitia halmashauri. Masuala ya usajili, vyeo na nidhamu yako kwa Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015. Kundi lenu likijitangaza kwamba "tunaajiri walimu wa shule ya msingi fulani", mmeanza kwa mguu mbaya.

Milango iliyo wazi ni mitatu: kumlipa posho mwalimu wa kujitolea kwa muda maalumu, kumwandalia mazingira mwalimu aliyepangwa na Serikali, na kumsomesha ualimu kijana wa hapo hapo.

Watu huuliza kwa nini shule yenyewe isilipe. Tangu 2016 elimu ya msingi ni bila ada, na Serikali hutoa ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubakizwa ngazi ya juu serikalini kwa ajili ya vitabu. Shule yenye watoto 600 ikipata hata yote ni milioni 6 kwa mwaka mzima, na humo kuna chaki, mitihani, ukarabati na michezo. Hakuna posho ya mwalimu ndani yake. Mwalimu mkuu naye haruhusiwi kumlazimisha mzazi kuchanga. Pengo hilo ndilo mchango wa hiari unaloweza kuliziba.

Hatua ya pili: omba ikama, usiridhike na masimulizi

Mwombe mwalimu mkuu karatasi moja yenye mambo haya: ikama ya shule (yaani idadi ya walimu inayotakiwa kuwa nao), walimu waliopo, idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, na walimu walioondoka ndani ya miaka mitatu iliyopita pamoja na sababu zao. Hicho kipengele cha mwisho ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho wafadhili husahau kukiuliza. Kama watatu waliondoka na wote walikuwa wanawake waliopanga chumba nje ya shule, tayari umeshajua fedha yako inatakiwa wapi.

Uwiano unaotajwa na Serikali kwa shule ya msingi ni mwalimu 1 kwa wanafunzi 45. Usiishie kwenye wastani. Shule inaweza kuwa na wastani usiotisha, huku darasa la kwanza lina watoto 180 chumba kimoja na la saba lina 40 wenye walimu wanne wazoefu, kwa sababu la saba ndilo lenye mtihani wa taifa. Uliza: nani anafundisha la kwanza na la pili? Huko ndiko KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, hujengwa, na mtoto aliyepita hapo bila kujua kusoma hubeba upungufu huo hadi anamaliza. Kwetu kuna jambo jingine la kuangalia. Watoto wengi wa Buhigwe, Kasulu vijijini na Kakonko huingia darasa la kwanza wakizungumza Kiha tu. Mwalimu anayekijua Kiha, hata kama si mwenyeji, anaweza kumtuliza mtoto wiki ya kwanza na kumvusha taratibu hadi Kiswahili.

Kwa sekondari ulizia hisabati na sayansi, na uliza mapema. Kwa mtaala ulioanza Januari 2024, walioingia darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, na waliokuwa la nne watamaliza la saba mwaka huo huo. Mikupuo miwili itagonga mlango wa kidato cha kwanza Januari 2028. Shule ya kata inayohangaika sasa na mwalimu mmoja wa fizikia ianze kuombewa msaada leo, maana mwalimu hapatikani kwa wiki mbili.

Hatua ya tatu: halmashauri kabla ya fedha

Andikeni barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa Afisa Elimu wa Awali na Msingi au wa Sekondari, Afisa Elimu Kata, mwenyekiti wa kijiji na kamati ya shule. Wengi huona huo ni urasimu na kuamua kupitia kwa mwalimu mkuu kimya kimya. Msifanye hivyo, na sababu ni hii.

Halmashauri hufanya msawazo wa walimu: inahamisha kutoka shule yenye unafuu kwenda yenye shida zaidi. Mkileta walimu wawili wa kujitolea bila maandishi, afisa anayeangalia orodha anaweza kuona shule yenu imepata nafuu na kuwahamisha walimu wawili wa Serikali. Hatakuwa amefanya ubaya, kwa sababu shule ya jirani inaweza kuwa na hali mbaya zaidi. Ila mchango wenu utakuwa umezunguka bila kumfikia mtoto mliyemkusudia. Kwa hiyo barua ya makubaliano iwe na sentensi inayosema wazi kwamba walimu wa kujitolea hawahesabiwi kwenye ikama, na kwamba hawatatumika kama sababu ya kumhamisha mwalimu wa Serikali kwa muda wa makubaliano. Wakurugenzi wengi wakielezwa vizuri hukubali. Asipokubali, ni heri kujua kabla ya kuchangisha.

Pelekeni barua hiyo mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai, na bajeti ya halmashauri hupikwa miezi mingi kabla. Ombi linalofika Oktoba au Novemba linaweza kupata mkono wa mapato ya ndani, hasa kwenye ujenzi. Linalofika Mei hukuta mlango umeshafungwa.

Hatua ya nne: posho ya mwalimu wa kujitolea

Kanuni ya kwanza na nzito kuliko zote: msianze kama hamna fedha ya miaka miwili mkononi au kwenye ahadi zilizosainiwa. Tuseme mmekubaliana posho ya 200,000 kwa mwezi. Kwa miezi 24 hiyo ni milioni 4.8 kwa mwalimu mmoja. Lipeni na miezi ya likizo, maana mtu hali kwa muhula. Kama mlichonacho ni milioni 3, msiwachukue walimu wawili kwa miezi saba. Mwalimu anayekatika Agosti huliacha darasa katikati ya mada, na kijiji hakitawaamini tena mkija mara ya pili.

Tangazo libandikwe ofisi ya kata, sokoni na kwenye vyuo vya Kasulu na Kabanga, ambako vijana wa mkoa huu husomea ualimu. Mwombaji alete cheti cha kidato cha nne, cheti cha ualimu, namba ya NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa anakoishi. Vyeti viangaliwe vile halisi. Jopo la usaili liwe na mwalimu mkuu, Afisa Elimu Kata, mjumbe wa kamati ya shule na mtu mmoja wenu. Msiache kumpigia simu mwalimu mkuu wa shule alikofanyia mafunzo kwa vitendo au alikojitolea zamani, mkamuulize jambo moja bila kuzunguka: je, ungekubali arudi kukaa na watoto wako? Jibu la kusitasita lichukuliwe kama hapana. Watoto wa vijijini wamedhurika vya kutosha na watu waliopokelewa kwa sababu tu shule ilikuwa na shida.

Usaili wa maneno peke yake haufai. Mpeni mwombaji darasa la pili, ubao na dakika 30 za silabi. Angalia kama anageuka kuwatazama watoto anapoandika, kama anamwona aliyekaa nyuma kabisa, kama anasahihisha bila kumdhalilisha. Mtu anaweza kujieleza vizuri sana ofisini, na darasani akaongea na ubao. Na ndugu wa katibu wa kundi lenu aombe kama wengine, huku katibu huyo akikaa nje ya jopo.

Mkataba uwe wa kurasa mbili, kwa Kiswahili, na useme wazi kwamba ni makubaliano ya kujitolea kwa posho, muda wake, vipindi kwa wiki, anayemsimamia, na kwamba hauahidi ajira ya Serikali. Shirika likiamua kumwajiri hasa, basi likubali na wajibu wa mwajiri, ikiwemo michango ya NSSF ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Chagueni moja. Kumwita mtu mfanyakazi siku ya kumpangia kazi na kumwita mjitoleaji siku ya kumlipa ni dhuluma.

Malipo yaende moja kwa moja kwenye simu au akaunti ya mwalimu, baada ya mwalimu mkuu kutuma picha ya daftari la mahudhurio. Yasipite mikononi mwa mwenyekiti wala mwalimu mkuu, hata kama ni watu waaminifu, kwa kuwa hata mwaminifu akipitisha fedha kwa mkono husingiziwa. Na mwalimu huyo aingizwe kwenye vikao vya MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) pale shuleni, akae na wenzake kujadili somo lililowashinda. Akitengwa kama mgeni wa wafadhili, ataondoka mapema.

Hatua ya tano: miezi mitatu ya kwanza na chumba cha kulala

Hapa ndipo ningependa kundi lenye fedha kidogo liweke yote.

Fikiria binti wa miaka 24 aliyepangiwa shule ya mwambao, kaskazini mwa Hifadhi ya Gombe. Hajawahi kuliona Ziwa Tanganyika. Anashuka Kigoma mjini na begi moja na barua ya kuripoti, anaelekezwa Kibirizi, anapanda boti la mbao lenye magunia, kreti za soda na kuku. Safari yake ya kwenda Mwamgongo au Kagunga ni ya majini. Posho yake ya kujikimu ni ya siku chache. Mshahara utaanza baada ya taarifa zake kuingizwa kwenye mfumo na kupata cheki namba, yaani namba ya mtumishi ya kulipiwa mshahara, na hilo linaweza kuvuka mwezi. Anafika jioni. Kama hakuna aliyekuwa anamngoja, usiku wake wa kwanza kijijini ndio unaoamua mengi.

Mfuko wa mapokezi unatibu hilo kwa fedha ambayo familia moja inaweza kuitoa. Kamati ya shule itunze orodha na vitu vyenyewe: kitanda na godoro, chandarua, ndoo mbili, jiko, sufuria, meza na kiti, taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu. Hivi vinabaki kuwa mali ya shule, anavitumia hadi atakapojinunulia, kisha vinamngoja mwingine. Kuwe na kodi ya miezi mitatu iliyolipwa mapema kwa mwenye nyumba. Kuwe na mkopo mdogo usio na riba wa kumvusha hadi mshahara wa kwanza, aurudishe kidogo kidogo. Na kuwe na mtu mwenye jina: mama mmoja wa kamati ya shule na mwalimu mmoja mzoefu, wanaompokea ufukweni, wanampikia siku hiyo, kesho yake wanampeleka kwa mwenyekiti na kumwonyesha maji yanapochotwa.

Kikagueni chumba kwa macho yenu au ya mtu mnayemwamini. Mlango una komeo la ndani linalofunga kweli? Dirisha lina nondo na wavu? Choo kina mlango, na kiko umbali gani usiku? Bafu linaonekana kutoka njiani? Nimewasikia walimu wa kike wengi wakieleza kwa nini waliomba kuhama, na mara nyingi sababu ilikuwa komeo au choo. Mshahara haukutajwa. Fundi wa kijijini anaweka komeo kwa nusu saa.

Mkiwa na uwezo mkubwa zaidi, ingieni kwenye nyumba ya mwalimu, lakini anzeni kwa kuuliza kama lipo boma. Vijiji vingi wananchi wameshanyanyua kuta kwa nguvu zao, zimefika kwenye lenta, kisha mvua zinazipiga miaka na miaka. Kumalizia boma ni nafuu kuliko kuanza msingi, na kijiji kinaona jasho lake halikupotea. Mwombeni mhandisi wa halmashauri alikague kwanza, kwani kuta nyingine zimeshachoka na hazibebi paa. Mkikubaliwa, fedha ziingie akaunti ya shule na kazi ifanywe kwa fosi akaunti, yaani kamati za kijiji zinanunua vifaa na kumlipa fundi wa hapo hapo. Wananchi walete mchanga, mawe na maji, nanyi mlipe bati, mbao, saruji, milango na tangi la kuvunia maji ya mvua. Nyumba ya familia mbili yenye milango inayojitegemea inafaa kuliko kubwa ya mmoja, maana walimu wawili wakiwa jirani hawaogopi usiku.

Hatua ya sita: msomesheni kijana wa kwenu

Njia hii ni ya polepole lakini huzaa mtu anayeijua njia ya kwenda nyumbani. Mchagueni msichana au mvulana aliyefaulu kidato cha nne au cha sita kwa viwango vinavyotakiwa na chuo, mkamlipia ada, nauli na matumizi. Ada ilipwe chuoni moja kwa moja. Likizo arudi kijijini afundishe watoto kusoma wiki kadhaa, ndipo mtajua kama ana wito.

Msimfunge kwa mkataba wa kumdai fedha asiporudi. Serikali ikimpanga Mtwara ataenda Mtwara, na huko nako kuna watoto. Mwombeni ahadi ya kujitolea shuleni kwenu wakati anasubiri ajira, kwa posho ile ya hatua ya nne. Mkipata watatu au wanne kwa mtiririko, shule haitakosa mtu.

Kuhusu kuchangisha

Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, na taarifa ya benki iwekwe kwenye kundi kila mwezi bila kuombwa. Kikundi cha kawaida kisajiliwe halmashauri. Mkitaka kuwa shirika, nendeni kwa Msajili wa NGO. Kampuni au mfanyabiashara mkubwa anayetaka mchango wake uingie kwenye mfuko wa kitaifa anaweza kupitia Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, iliyoundwa 2001 kusimamia Mfuko wa Elimu, ambayo pia hujenga nyumba za walimu. Mhasibu wake amweleze habari ya nafuu ya kodi.

Kijiji nacho kichange, hata kidogo, lakini kwa majira yake. Kijiji cha wavuvi wa dagaa kina fedha wakati wa giza, mbalamwezi ikitoka karabai hazivuti samaki na mifuko hukauka. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Kwenda kudai mchango miezi kama hiyo ni kuwaumiza watu. Buhigwe subirini kahawa, kwingine maharage. Asiye na fedha alete nguvu kazi au debe la mahindi kwa ajili ya mwalimu, na liandikwe kwenye daftari kwa jina lake kama wengine.

Hatua ya mwisho: kufuatilia, na siku mwalimu anapoondoka

Kila muhula ulizeni mambo machache tu: mwalimu yupo darasani siku ngapi kwa wiki, watoto wangapi wa darasa la pili wanasoma aya fupi bila msaada, posho ilifika tarehe ngapi, na nini kinamsumbua anapoishi. Swali la mwisho aulizwe yeye kwa simu, mwalimu mkuu asiwepo. Kama anasema maji, shughulikieni maji kabla ya kufikiria kompyuta.

Mwalimu wenu wa kujitolea akifanya vizuri, siku moja atafaulu usaili wa Serikali na kupangiwa wilaya nyingine. Msimlaumu, mwandikieni barua nzuri ya utumishi. Mkataba umtake atoe taarifa mara tu anapoitwa kwenye usaili. Majina ya waombaji walioshika nafasi ya pili na ya tatu yabaki kwenye faili kwa Afisa Elimu Kata pamoja na namba zao za simu, na fedha ya mwezi mmoja wa ziada iwepo kwenye akaunti, ili anayeingia na anayetoka wakae pamoja darasani wiki mbili kabla ya kukabidhiana daftari la maandalio.